Kazi ya nyumbani Nyololo: kompyuta iwe ya nne kwenye orodha

Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma hayasimami sana Nyololo. Hupita usiku na mchana kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kati ya Mafinga na Makambako, na abiria wengi wa mabasi ya Mbeya hulifahamu jina hili kwa njia panda tu: hapa hushuka wanaokwenda Igowole na kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Lakini nyuma ya fremu za maduka zinazotazama lami, siku hizi zinafanyika ndani ya nyumba kazi ambazo zamani zilimlazimu mtu kupanda basi kwenda Iringa.

Mwalimu anajaza majukumu yake kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma ulioanza kutumika mwaka wa fedha 2023/24, na akitaka likizo au uhamisho anaomba kupitia mfumo wa ESS. Fundi ujenzi na mzabuni wa vyakula hawapeleki tena bahasha halmashauri, kwa kuwa tangu 2023 zabuni za umma hupita kwenye mfumo wa NeST. Mtunza hesabu wa wafanyabiashara wa mbao anapokea picha za risiti kwa WhatsApp na kurudisha mahesabu jioni. Kijana aliyemaliza chuo anatafsiri nyaraka au kuandika maneno ya mahojiano yaliyorekodiwa, kwa mteja ambaye hatamwona ana kwa ana.

Watu hawa wakiulizia vifaa vya kazi, ushauri wanaoupata mara nyingi umeandikwa kwa ajili ya mtu wa jiji ambako umeme na intaneti havikosi. Unaanza na kompyuta nzuri, unaendelea na kamera, taa ya uso na programu ya kupanga ratiba. Kwa Nyololo mpangilio huo umepinduka. Anayetaka kuishi kwa kazi ya nyumbani anunue kwanza kinga ya umeme, kisha akiba ya umeme, kisha njia mbili za mtandao. Kompyuta ni ya nne. Na katika kila hatua kipimo ni kimoja: umeme ukikatika na mtandao ukisumbua, kifaa hiki kitaniruhusu kuendelea na kazi au kitanifungia mlango?

Tulikotoka

Mwaka 1973, nchini Marekani, mhandisi Jack Nilles alianza kueleza wazo la mfanyakazi kubaki karibu na nyumbani na kuiacha kazi isafiri kwa nyaya za simu. Dunia ilikuwa ikiingia kwenye msukosuko wa mafuta, na foleni za magari zilianza kuonekana kama hasara. Mwaka uliofuata, 1974, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Serikali ilikuwa na kompyuta Wizara ya Fedha tangu miaka ya 1960, na uzoefu wake ulikuwa mchungu: fedha nyingi za kigeni, utegemezi wa wataalamu wa nje na faida isiyolingana na gharama. Marufuku hayo yalilegezwa polepole, na vizuizi vikaisha katika miaka ya 1990.

Ndiyo maana wengi wetu hatukupitia kompyuta ya mezani kabla ya kufika kwenye simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ukafuata 2010, na Mkongo wa Taifa ukaipeleka intaneti mikoani. Halafu mwaka 2020, wakati Uganda na Rwanda zilipowafungia watu majumbani kwa sababu ya korona, Tanzania ilifunga shule na vyuo lakini haikuwazuia watu kutoka. Hapakuwa na siku moja ambayo ofisi nzima ziliambiwa zihamie sebuleni. Kazi ya nyumbani iliingia kwetu kidogo kidogo, kila mtu akijinunulia vifaa vyake kwa fedha yake na kwa kubahatisha.

Kwanza, kinga

Mvua za Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, huja na radi. Umeme nao hukatika na kurudi, na hatari kubwa iko kwenye kurudi: nguvu hupanda ghafla kwa muda mfupi sana, na muda huo unatosha kuunguza chaja au printa.

Wengi hununua kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukiwa mdogo au mkubwa kupita kiasi na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Kinafaa kwa printa na kompyuta ya mezani. Kwa kompyuta mpakato faida yake ni ndogo, maana chaja nyingi zimeandikwa kwamba zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240. Kinachoiua chaja ni ule mshtuko wa ghafla, na dawa yake ni ekstensheni yenye kinga ya mshtuko. Hapo kuna sharti ambalo wauzaji hawalitaji: kinga hiyo huumwaga umeme uliozidi ardhini, kwa hiyo nyumba isiyo na waya wa ethi uliofungwa sawasawa haipati ulinzi unaoandikwa kwenye boksi. Kabla ya kununua ekstensheni ya bei kubwa, mlipe fundi umeme akague ethi ya nyumba.

Radi ikianza kupiga karibu, hakuna kifaa cha dukani cha kutegemea. Chomoa plagi ukutani, na kama ruta yako ina waya unaotoka nje kwenda kwenye antena, chomoa na huo. Usisubiri radi ya pili.

Pili, akiba

Wilaya ya Mufindi si maskini wa umeme. Ina mtambo wa maji wa Mwenga wenye megawati 4, ulioanza kuzalisha mwaka 2012 na unaohudumia viwanda vya chai na vijiji, na upande wa upepo ina mitambo ya megawati 2.4 ambayo ni ya kwanza ya aina yake kuingizwa kwenye matumizi ya kibiashara nchini. Kitaifa, bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024. Mgao mkubwa umepungua. Lakini umeme wa kutosha bwawani ni jambo moja, na nguzo iliyoangukiwa na mkaratusi kijijini ni jambo jingine. Ukikatika kwa saa tano, mteja wa Dar es Salaam haulizi nguzo imeangukia wapi.

Hesabu ya akiba ni rahisi kuliko inavyotisha. Kompyuta mpakato ya kawaida hutumia wastani wa wati 30 ukiwa unaandika. Ruta hutumia wati 10, balbu ya LED wati 5. Jumla ni 45. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, vinginevyo itakufa mapema. Bado unabaki na wati-saa 600, yaani saa 13 kwa mahesabu ya karatasi, na kama 11 ukiondoa kinachopotea kwenye inveta. Hiyo ni siku nzima ya kazi na ziada.

Kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kununua betri ya gari, ambayo ni rahisi kuipata kwenye mji wa barabarani. Betri hiyo imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiimaliza kila siku kwa kazi ya mezani, haitachukua muda kufa. Tafuta betri ya sola, au ya lithiamu kama mfuko unaruhusu, kwa sababu hiyo unaweza kuitumia karibu yote na inadumu zaidi. La pili ni kupitisha kila kitu kwenye inveta. Ruta nyingi zinatumia volti 12, na zipo chaja za kompyuta za kuchomeka kwenye gari. Ukizifunga moja kwa moja kwenye betri, unaokoa nguvu ambayo inveta ingeigeuza kuwa joto la bure.

Kwa anayeanza, pawabenki ya mAh 20,000 inatosha kwa dharura. Zidisha kwa volti 3.7 upate wati-saa 74. Baada ya upotevu, inajaza kompyuta ndogo mara moja tu. Soma maandishi kabla ya kulipa: kama haikuandikwa kwamba inatoa wati 45 au 65 kwa USB-C, itachaji simu na kuishia hapo. Sola nayo inafaa, ila tusidanganyane na hali ya hewa ya kwetu. Paneli ya wati 100 huweza kutoa wati-saa 400 hivi siku ya jua kali. Kwenye wiki za ukungu za Juni na Julai, panga kwa nusu ya hapo au chini yake.

Habari njema ni bili. Kompyuta ya wati 30 kwa saa nane, siku 26 za mwezi, hula uniti 6 na kidogo. Kwa mteja mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, ambaye bei yake ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo haifiki shilingi elfu moja. Kompyuta ya mezani ya wati 150 kwa muda uleule inakula uniti 31, na inaweza kukuvusha ile 75 ukahamia bei ya juu. Hapo tu sababu ya kuchagua mpakato imeshapatikana.

Tatu, njia mbili za mtandao

Kila mtu anajua ushauri wa kuwa na laini mbili. Kinachosahaulika ni kwamba laini mbili zinaweza kuwa njia moja. Kampuni nyingi za simu huweka mitambo yao kwenye mnara mmoja, na mnara ukiishiwa betri baada ya umeme kukatika muda mrefu, laini zako zote zinazima pamoja. Kabla ya kuchagua, azima laini za majirani uzipime ndani ya chumba chako cha kazi, saa mbili usiku watu wengi wanapokuwa mtandaoni, na siku umeme umekatika. Vipimo hivyo viwili vitakueleza zaidi ya tangazo lolote.

Paa la bati na ukuta mnene wa matofali hupunguza mawimbi. Ruta ndogo ya 4G ikiwekwa juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, huweza kubadilisha kila kitu, na yenye tundu la antena ya nje ni bora zaidi kwa nyumba zilizo bondeni. Uzuri mwingine wa ruta ni kuiacha simu yako huru, maana simu inayogawa mtandao kwa kompyuta huisha chaji haraka na kukata kila unapopigiwa.

Bando linaliwa na mambo mawili: picha za mikutano na masasisho yanayojishusha yenyewe. Mkutano wa Zoom kwa picha huweza kula gigabaiti nzima kwa saa, lakini sauti peke yake hutumia makumi ya megabaiti tu. Sema tangu mwanzo: "Bosi, mtandao wa huku si mzuri, nitazima picha." Hakuna mteja wa maana atakayekataa. Kwenye Windows, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiambie kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Itaacha kushusha masasisho mengi bila ruhusa. Yashushe kwa bando la usiku.

Na kuna siku ambazo hata njia tatu hazisaidii. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu chini ya bahari kusini mwa pwani yetu, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Laini zote zilielekea kwenye tatizo lilelile. Aliyekuwa na mafaili yake ndani ya kompyuta aliendelea kuandika. Aliyeyaweka yote mtandaoni alikaa kusubiri.

Faili likiwa kubwa kweli, kama video ya harusi au picha za ramani za mashamba, usione aibu kurudi kwenye barabara. Flashi ya gigabaiti 64 ndani ya bahasha, ikikabidhiwa basi, inafika Iringa au Mbeya siku hiyohiyo kwa gharama ndogo kuliko bando la kupakia. Ifunge kwa nywila kwanza kwa programu ya bure kama 7-Zip, nywila uitume kwa simu.

Nne, kompyuta yenyewe

Soko letu ni la kompyuta zilizotumika, na hilo si baya. Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zilizotoka kwenye ofisi za nje zinajaa Kariakoo, na zinafika Nyololo kama kifurushi cha basi. Ni imara, vipuri vyake vinapatikana na mafundi wanazijua.

Angalia mambo manne. Diski iwe SSD. Kumbukumbu isipungue gigabaiti 8. Prosesa kama ni Intel iwe ya kizazi cha nane au zaidi, maana Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za kabla ya kizazi hicho hazikubaliki rasmi kwa Windows 11. La nne ni betri: mwambie muuzaji aandike amri ya powercfg /batteryreport mbele yako, ripoti itaonyesha betri ilivyokuwa ikiwa mpya na ilivyo sasa. Iliyobaki chini ya nusu, shusha bei au ondoka.

Umeshanunua mashine ya zamani? Usiitupe. Linux Mint ni ya bure, haina masharti makali ya mashine, na inafanya kazi nyingi za uandishi na hesabu. Itakuepusha pia na Windows ya kuiba inayowekwa kwa flashi ya mtaani pamoja na virusi vyake.

Programu zinazokubali kusubiri

Sasa ndipo programu zinapoingia, na kipimo ni kilekile. LibreOffice hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, hutengeneza PDF, ni ya bure na haihitaji intaneti baada ya kusakinishwa. Ipo hata kamusi ya tahajia ya Kiswahili ya kuiongezea. Ni jamaa wa karibu wa OpenOffice, ambayo mwaka 2004 ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Wanaopenda Google Docs wanaweza kuandika bila mtandao, lakini lazima wawashe uwezo huo kabla, wakiwa mtandaoni, kwenye kivinjari cha Chrome au Edge. Thunderbird hushusha barua pepe zote ili uzisome na kuzijibu gizani, kisha huzituma mtandao ukirudi. Kumbuka Gmail haibebi kiambatisho kinachozidi megabaiti 25. Kwa hati za karatasi, huna haja ya kununua skana: Google Drive kwenye simu ya Android hugeuza picha kuwa PDF safi.

Anayeandika maneno ya mahojiano apakue sauti yote kwanza, aisikilize kwa VLC huku akipunguza mwendo. Anayechoka kubofya ajaribu kuamuru kwa sauti kwenye kibodi ya Gboard, inayokielewa Kiswahili kwa kiasi kizuri, ingawa hukwama kwenye majina ya watu na vijiji, na lafudhi ya Kihehe huipa mtihani.

Nywila zako ziweke KeePassXC, inayozihifadhi ndani ya faili lililofungwa kwenye kompyuta yako. Na pale akaunti inapodai namba ya pili ya uthibitisho, chagua programu ya uthibitisho badala ya SMS. Programu hiyo huzalisha namba bila mtandao wowote, ilhali SMS hukwama siku ileile unayoihitaji.

Nakala za kazi ziwe mbili zaidi ya ile iliyo kwenye kompyuta: moja kwenye diski ya nje, ikae nyumba nyingine kama inawezekana, na nyingine mtandaoni. Google hutoa gigabaiti 15 za bure, zinazotosha maandishi ya miaka. Ukishika taarifa za watu, iwe ni mishahara au orodha ya wagonjwa, ujue Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Usizimwage kwenye makundi ya WhatsApp wala kuzibandika kwenye programu za akili mnemba ili zikusaidie kupanga.

Kwa wazabuni, neno moja la ziada. NeST ina saa ya kufunga na haijui habari za mnara wa Nyololo. Andaa nyaraka zote nje ya mfumo, zipunguze ukubwa, upakie siku moja kabla.

Chumba, kelele na jiko

Mufindi ni nchi ya mbao, kwa hiyo meza na kiti usiviagize mbali. Fundi seremala akupime ukiwa umekaa: viwiko vikunjwe sawasawa juu ya meza, miguu ifike sakafuni. Mwambie akutengenezee na kibao cha kuinua kompyuta mpaka kioo kiwe usawa wa macho, halafu ununue kibodi na mausi ya pembeni. Kwa fedha kidogo umeokoa shingo na mgongo.

Kelele za malori, breki na honi zinaingia kwenye kila mkutano. Hedifoni ya waya yenye kipaza sauti karibu na mdomo inashinda ile ya bei kubwa isiyo na waya, na haihitaji kuchajiwa. Zoom ina uwezo wa kuchuja kelele za nyuma. Ipandishe iwe ya juu.

Jambo la kutahadhari zaidi ni baridi. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kishawishi ni kufunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa. Moshi wake usioonekana, kaboni monoksaidi, hauna harufu na unaua. Hita ya umeme ya wati 1,500 nayo kwa saa moja hula sawa na kompyuta kwa saa 50. Bora blanketi, soksi, chupa ya chai, na kazi ngumu ifanywe mchana jua likiwa limepanda.

Kisha kuna majirani. Anayeonekana nyumbani saa nne asubuhi huhesabiwa kuwa hana kazi. Atasalimiwa "kamwene" mlangoni na kutumwa dukani, shambani na kwenye kikao cha harusi. Tangaza saa zako kwa familia, funga mlango, na wewe mwenyewe uzitunze. Shangazi akishajua kwamba saa nane hadi kumi upo kazini kama mtu wa benki, atakuja saa kumi na moja.

Kazi ya kulipia ili upate kazi

Pamoja na vifaa, jifunze kuwatambua matapeli. Mwaka 2009 wengi waliumia na mpango wa upatu wa DECI, uliowaalika watu "kupanda mbegu". Mwaka 2025 vyombo vya dola vilikamata watu katika mikoa kadhaa kwa mpango ulioitwa LBL, ambao washiriki walitoa fedha kwa ahadi ya kulipwa kwa kutazama matangazo mtandaoni. Miaka 16 imepita kati ya mipango hiyo, na mtego ni uleule. Kazi halali haikutozi kiingilio. Wala usikopee kompyuta kwenye programu za mikopo zisizo na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa 69 ya aina hiyo na kuyapiga marufuku.

Malipo kutoka nje nayo yapangwe mapema. PayPal kwa Tanzania imekuwa kwa muda mrefu ya kulipia zaidi kuliko kupokelea. Wengi hutumia Payoneer au akaunti ya benki. Uliza njia ya malipo kabla ya kuanza kazi, si baada ya kuikabidhi.

Nani anayalipia haya yote?

Ofisini, mwajiri hulipa umeme, mtandao, kiti na jenereta. Ukifanyia kazi nyumbani, gharama hizo zinahamia kwako kimyakimya, na wengi wanaoanza hawaziweki kwenye bei. Wanamtoza mteja nguvu ya mikono tu, kisha wanashangaa kila mwezi unaisha wakiwa wamefanya kazi sana na hawana kitu.

Piga hesabu. Tuseme vifaa vyote, kuanzia ethi mpaka kompyuta, vimekugharimu shilingi 1,800,000 na unatarajia vidumu miaka mitatu. Hiyo ni 50,000 kila mwezi. Ongeza bando la 40,000 na umeme wa 5,000, jumla 95,000. Ukikamilisha kazi 20 kwa mwezi, kila moja imebeba 4,750 kabla hujajilipa hata senti. Mteja akiwa kampuni, atakata na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Bei isiyofunika haya yote ni msaada unaompa mteja bila yeye kujua.

Mtumishi wa umma hana bei ya kupandisha. Mwalimu anayejaza mfumo kwa bando lake ana haki ya kuuliza kwa nini kazi ya serikali inafanyika kwa vocha yake, na halmashauri zinaweza kumjibu kwa gharama ndogo: chumba kimoja chenye betri, ruta na meza kwenye ofisi ya kata au shule yenye kompyuta, kilicho wazi mpaka jioni. Wazabuni wadogo na vijana wa kazi za mtandaoni wangekitumia hichohicho kwa ada. Mpaka kipatikane, kila mmoja ajenge chake kwa mpangilio ule: kinga, akiba, mtandao, kompyuta, na kila kifaa kiingie kwenye bei ya kazi.